Mgongo Kwenye Pipa

Mwezi wa sita baridi ya Njombe haina adabu, inaingia ndani bila kubisha hodi. Pombe nayo ikipigwa na baridi haichachi, inalala tu kama uji wa jana. Kwa hiyo Fidelia, mpika komoni wa pembeni mwa mji, alipokwisha kumimina uji wa mahindi na kimea kwenye pipa la bluu, alilifunika kwa blanketi zito na kulifunga kamba kiunoni. Blanketi lilikuwa la mama yake, Bibi Eufrasia. La pili nyumbani halikuwepo.

Pombe ilipaswa kutulia humo mpaka iache kutoa povu, ndipo ijazwe kwenye madumu. Ukiharakisha, dumu linavimba njiani na kupasuka, na Ezekia, mwenye kilabu kule Lyamkena, Makambako, hakuwa mtu wa kusikiliza habari za madumu yaliyopasuka.

Bibi Eufrasia, aliyeumaliza ujana wake akichuma chai Lupembe, alilifuata blanketi lake. Aliweka kigoda, akaegemeza mgongo kwenye pipa, akashika rozari. Pombe ikichacha hutoa vuguvugu, na mama na mwana walidhani pipa linampasha bibi. Kumbe bibi ndiye aliyekuwa akilipasha pipa.

Pombe iliiva mapema. Ezekia alionja kopo moja, akajipapasa shingo. Alisema jua la Lupembe linamchoma kisogoni, jua la saa nne asubuhi, umande ukikauka kwenye majani ya chai. Yeye Lupembe hajawahi kufika. Alipakia madumu kwenye kirikuu, akaagiza pipa jingine, akaondoka. Jioni hiyo bibi aliomba sweta.

Pipa lililofuata liliwapa wanywaji wa Lyamkena joto la moto wa harusi ya watu wasiowajua. Jingine likawapa mafiga ya jiko la zamani, na mahindi mabichi yakichomwa. Madereva wa malori wakawa wanalala Makambako kwa ajili ya komoni hiyo tu. Bibi naye akazidi kupoa. Maziwa yaliyowekwa chumbani kwake hayakuharibika, na jirani yao Vestina akawa analeta nyama yake ihifadhiwe humo, akishukuru kila mara. Kwenye zahanati muuguzi alimwekea bibi kipimajoto, akakitikisa, akamwekea tena, akaandika kwamba mgonjwa avae nguo nzito.

Hakuna aliyefichwa jambo hilo. Wanajumuiya walikuja kumwombea, wakakuta barafu nyembamba mabegani mwake, wakaifuta kwa kanga na kuendelea na Salamu Maria. Baada ya sala walikunywa kopo mojamoja. Mzee Tarsis, kiongozi wa jumuiya, alisema pombe hii ina joto la mtu. Wote wakakubali kwamba ni kweli, wakaomba kopo jingine. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, ila nani atakula kile alichochuma, hilo hawakulisema.

Fidelia alijua, tusimsingizie ujinga. Wakati mmoja alilivua pipa blanketi, akamfunika mama yake, akamhamishia kitanda karibu na moto. Pombe ikalala, ikaharibika, ikamwagiwa nguruwe. Ezekia alitazama madumu yake matupu, akasema Makambako wapika pombe hawajaisha. Baada ya hapo mama na mwana walikula viazi bila chumvi, na asubuhi moja bibi akalibeba blanketi mwenyewe na kulirudisha kwenye pipa.

"Mama, toka hapo," Fidelia alimwambia. "Utaisha."

"Nimeshaisha, mwanangu. Limebaki joto moja tu, hilo nalibania."

Fidelia alimuuliza ni lipi. Bibi akafumba macho, akaegemea.

Walimkuta amekufa palepale kwenye kigoda, mgumu na mweupe wa barafu, na pipa nyuma yake likitokota. Pombe ilikuwa imeiva kuliko zote. Ezekia alikuja kuichukua kabla ya mazishi, kwa sababu oda ni oda, akawaachia waombolezaji ndoo moja. Vestina alishauri marehemu azikwe na blanketi lake. Fidelia alilitazama pipa, akasema shuka linatosha.

Makaburini ukungu uliwakaba watu, na waliporudi wakaizunguka ile ndoo. Fidelia hakuwa mnywaji. Pombe yake aliionja kwa ncha ya ulimi tu, kujua kama imeiva. Siku hiyo alikunywa.

Alijikuta shavu lake limelala kwenye mgongo wa mama yake. Amefungwa kanga, mtoto mchanga, jasho la mama linapenya blauzi na kumlowesha kidogo, kikapu cha chai kinagonga ubavuni, na kote alikogusana na mgongo ule kulikuwa na moto. Lilikuwa joto lake yeye Fidelia, lile mama alilolibania. Alifungua macho akamwona Mzee Tarsis amelaza shavu hewani, na Vestina hali kadhalika, kila mmoja amebebwa. Alilia kwa sauti, akaiinamia ndoo. Ilikuwa tupu.

Matanga yalipoanuliwa, Ezekia alileta madumu matupu. Alisimulia kwamba madereva walilala mezani kama watoto, na kwamba walikuwa wanaulizia nyingine.

Fidelia alipika. Alimimina, akafunika, akafunga kamba, akaketi kwenye kigoda na kulipa pipa mgongo wake. Ezekia aliporudi, alionja, akakaa kidogo akisikilizia.

"Joto lipo, dada Fidelia," alisema. "Ila si kama la marehemu. Ongeza siku."

Fidelia akarudi kwenye kigoda, akaegemea.