Hospitali ya Ukutani

Ile picha waliitundika sebuleni kwetu karibu na Krismasi, kubwa kama mlango wa zizi. Hospitali ya Haggthorpe, ile ya wagonjwa wa akili iliyojengwa enzi za Malkia Viktoria, imechapwa kwenye turubai na kuwambwa kwenye fremu. Saa kubwa katikati, upande wa wanaume huku, upande wa wanawake kule, na mnara wa maji ukichungulia. Lorraine, msimamizi wa nyumba yetu ya wazee, alisema itatukumbusha mambo mazuri. Mimi niliosha masufuria ya Haggthorpe mpaka kucha zikalainika, kwa hiyo nikachagua kiti kinachoipa picha mgongo, nikala keki yangu kwa amani.

Aliyeipenda ni Enid Thackray. Alikuwa nesi kule, tena mkali. Sisi wa jikoni tukisikia viatu vyake tu tunaficha sigara. Siku hizi akili yake inaingia na kutoka kama paka. Kila asubuhi Lorraine alimsimamisha mbele ya picha. "Haya Enid, kazini ulikuwa unaingilia wapi?" Naye aliweka kidole kwenye saa, akakiburuta mpaka mlango wake, akacheka. Lorraine akampigia makofi. Walikuwa wanamfundisha njia, ndivyo ninavyosema mimi.

Januari, saa ya chai, theluji inaanguka, kiti cha Enid kitupu. Koti lake lilikuwa bado limetundikwa. Viatu vyake viko chini ya kitanda. Mlango wa jikoni, ambao mleta mikate aliuacha wazi, ulikuwa unapigapiga.

"Polisi wanakuja," Lorraine alisema, uso umemsawijika. "Wataanza na kituo cha basi."

"Basi la kwenda wapi? Huyo amekwenda kazini."

"Bi Nellie, tafadhali, si wakati wa mzaha."

"Siku moja maishani mwangu sitanii, na hakuna anayeniamini!"

Aliyeniamini ni Desmond, fundi wetu wa nyumba, yule yule aliyeitundika picha. Alichukua funguo za gari, nami nikapanda kabla hajanikataza. Haggthorpe si mbali, ni kilima kimoja tu, lakini kilima hicho mtu amekipanda na sapatu za manyoya na gauni la nyumbani.

"Anaweza kufika kweli?" Desmond aliuliza.

"Enid? Atafika. Endesha."

Hospitali sasa ni fleti za wenye fedha. Mnara walishaubomoa, na zile pande mbili zimebaki zinafanana kama matako.

"Kushoto," nilimwambia. "Wanawake walikuwa kushoto. Manesi waliingilia nyuma."

Tukazunguka kushoto. Ukuta mrefu, mlango baada ya mlango, na theluji imefuta nyayo zote kama zilikuwepo. Tukaita. Bwana mmoja akafungua dirisha, akatuambia hapa wanaishi watu, akalifunga. Tukaita tena. Mwanga ulikuwa unakwisha, na vidole vyangu havikuwa vyangu tena.

"Hakuja huku," Desmond alisema. "Sisi tuko hapa, na yeye labda ameanguka mtaroni."

"Amekuja. Upande wake ni huu, mbali na mnara. Mnara ulikuwa kulia, kwa wanaume. Kila mtu wa Haggthorpe anajua."

Desmond akasimama. "Kulia?"

"Kulia, ndiyo. Umekuwa kiziwi?"

"Kwenye picha uko kushoto."

Nikamkodolea macho.

"Kabati la vyombo lingeuziba mnara," alisema. "Nikamwambia mchapaji aigeuze, kama kwenye kioo. Pande zenyewe zinafanana, Bi Nellie. Nikasema, nani atajua?"

"Ng'ombe wewe! Kumbe siku zote hizi kidole cha Enid kinakwenda kulia!"

Alikimbia. Nikamfuata nikijishikilia kwenye matofali. Nyuma ya upande wa kulia, kwenye ngazi za chini, Enid alikuwa amesimama wima mbele ya mlango uliofungwa, ameng'ang'ania mpini. Theluji nywelani, midomo ya buluu, sapatu moja haipo.

"Bi Enid, twende nyumbani," Desmond alisema.

"Siwezi kuiacha wodi."

Na kweli, kule nesi hakuondoka mpaka mwenzake amfikie na kukabidhiwa funguo, hata nyumba yake iwe inaungua.

"Nimekuja kupokea zamu, Sista," nikasema.

Akanipima toka juu hadi chini. "Wewe ni Nellie wa jikoni. Nikikupa funguo utawauzia wagonjwa pudini yao wenyewe."

Jambo ambalo halikuwa uzushi mtupu.

Desmond akamshika mkono. Enid akapiga yowe, akaukumbatia mpini. Tulipomvuta alizidi kung'ang'ania, halafu nikaona anaacha kutetemeka. Niliwahi kuwaona wagonjwa waliotoroka wakirudishwa kutoka kwenye barafu. Kutetemeka kukikoma, hapo ndipo pa kuogopa.

"Desmond," nikamnong'oneza, "hapa ni upande wa wanaume. Manesi wa huku walikuwa wanaume tupu."

Alinielewa. Akavua kofia, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Samahani kwa kuchelewa, Sista. Hii ni wodi ya wanaume. Zamu ni yangu."

Enid akautazama mlango, akamtazama yeye. Theluji ilimwangukia kwenye kope wala hakupepesa.

"Ya wanaume?"

"Ya wanaume, Sista."

"Basi wamenipanga pasipo pangu, wapumbavu hawa."

Akauachia mpini. Akanyoosha ngumi, akaifungua juu ya kiganja cha Desmond. Ndani hamkuwa na kitu. Desmond akakifumba kiganja taratibu, kama mtu aliyepewa kitu kizito.

"Wa kitanda cha mwisho hajala," Enid alisema. "Na hizo ndevu zako zinyolewe."

"Ndiyo, Sista."

Ndipo magoti yalipomwishia. Desmond akambeba mpaka garini, nami nikauchukua ule mguu mtupu, nikauingiza ndani ya sweta yangu, juu ya tumbo. Ulikuwa kama samaki wa sokoni. Nikausugua, nikamtukana Desmond, nikausugua tena. Tulipopita langoni, ulianza kutetemeka.