Slabu ya Chifu Fadahunsi

Mwaka mzima jiko langu lilikuwa likifukuzwa kama mbwa pale kwenye kiwanja cha Chifu Fadahunsi. Leo nimepanga mafiga yangu karibu na geti, kesho naambiwa, "Mama Teni, toa masufuria yako, lori la kokoto linaingia." Nikihamia upande wa matofali, mafundi wa nondo wananijia juu eti moshi unawatoa machozi. Siku moja nikawaambia, haya basi, nipandisheni juu ya mchikichi nikapikie huko.

Adigun, mume wangu, ndiye alikuwa fundi mkuu wa mbao pale. Alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi. "Mke wangu, hata huko wagema watakufukuza."

Halafu akaja Injinia Olasupo, kijana mrefu, mpole, anayeongea kama anaomba radhi. Alishinda siku nzima anapima, maana kiwanja chenyewe kilikuwa chembamba na kina mteremko: nyuma juu, mbele chini, barabarani. Alipomaliza akachora kila kitu kitakapokaa, akaupigilia mchoro wake getini. Mashine ya kuchanganya zege aliiweka mbele, kule chini, ili maji machafu yaishie kwenye mtaro wa barabara. Ubavuni mwa jengo aliacha njia moja ya kupita gari, toka getini mpaka nyuma, akaandika kwa wino mwekundu kwamba hapo pasiwekwe kitu. Na jiko langu? Lilikuwemo! Kijumba kidogo mwisho wa ile njia, kimeandikwa "chakula". Nikamburuta Adigun aje aone.

"Umeona? Na mimi nimo kwenye ramani."

"Hongera," akasema. "Sasa hata ukininunia, unaninunia kisheria."

Mume wangu yule nilimpenda. Nasema mapema, msije mkashangaa nikilia katikati ya maneno.

Kwetu Ibadan siku ya kumwaga slabu, lile zege la dari, si siku ya kazi tu. Mwenye nyumba anachinja, anakodi mahema na viti, anaita ndugu, marafiki, na hasa wale wasiompenda, waje waone anavyopanda juu. Vibarua wanapandisha zege kwa makarai vichwani, ngoma zinalia, wageni wanabandika noti kwenye vipaji vya nyuso za watu. Kazi ikianza haisimami, na hakuna anayeonja wali kabla karai la mwisho halijamwagwa. Hapo ndipo mpishi anapogonga mfuniko wa sufuria kubwa, na kila mtu anatupa alichoshika. Mfuniko ni wa mpishi peke yake, hata mwenye nyumba haugusi.

Alasiri ya kuamkia siku hiyo Chifu akafika na kanzu yake pana, akasimama mbele ya kiwanja, mikono nyuma.

"Injinia, wageni wangu watakaa wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, Chifu. Uwanja wa shule, nimeshawaomba."

"Ng'ambo? Niite watu wazima waje wanitazame kwa mbali kama wanasubiri treni? Mahema yanakaa hapa hapa mbele."

"Hapa ni pa mashine, Chifu."

"Mashine ina magurudumu. Ipelekeni nyuma."

"Nyuma ni juu. Maji yake yote yatashuka chini ya jengo, na mirunda, miti yote iliyobeba dari, imesimama kwenye udongo mtupu. Udongo ukilowa..."

"Kijana, wewe una nyumba?"

Adigun akasogea, akainama mpaka vidole vikagusa ardhi. "Chifu, baba yangu, chini ya hiyo dari nitakuwa mimi. Nakuomba, mashine ibaki mbele."

"Adigun! Umeanza lini kuogopa maji? Ndiyo maana huogi?"

Watu wakaangua kicheko. Adigun naye akacheka kidogo, akijipangusa vumbi mikononi. Mimi sikucheka. Nilitaka kumwambia yule mzee neno, lakini Adigun alinikazia jicho, nikalimeza. Mashine ikasukumwa nyuma, na jioni hiyo hiyo mchanga na kokoto vikahamishwa kuifuata.

Kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwa pale. Mchoro wa Injinia ulikuwa bado getini, ila juu yake walikuwa wamebandika picha ya Chifu anatabasamu. Magari ya wageni yakaingia ile njia ya ubavuni, moja nyuma ya jingine, mpaka yakaijaza toka getini hadi kwenye mafiga yangu. Dereva mmoja alisimamisha gari lake likakaribia kuota moto wangu. Nikamwambia, "Kaka, nikupakulie ukiwa humo humo ndani?" Akacheka, akafunga milango, akaenda kwenye viti. Injinia alikuwa akikimbia toka gari hadi gari, "Jamani, hii njia! Tafadhali, hii njia!" Nani amsikilize? Wenye magari walikuwa wameshashika vinywaji.

Kazi ikaanza. Mashine ikanguruma kule nyuma, vibarua wakapanga mstari kwenye ngazi ya mbao, wanaume kwa wanawake, juu wamejaa, wanaimba. Mpiga ngoma anamtaja Chifu na babu zake wote. Adigun na mwenzake Lamidi walikuwa chini ya dari, kwenye ule msitu wa mirunda, wanakagua kabari. Ndiyo kazi ya fundi wa mbao siku hiyo: wengine wako juu na sifa, yeye yuko chini na nyundo.

Nilikuwa nakoroga wali wa nyanya niliposikia figa langu linafoka. Nikatazama. Maji ya kijivu, maji ya saruji, yalikuwa yamefika motoni. Nikayafuata kwa macho: yanatoka kwenye mashine, yanateremka, yanajigawa, mkondo mmoja unakuja kwangu na mingine yote inaingia chini ya jengo. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikakimbia.

"Baba Teni!"

Akatokeza kichwa kati ya mirunda. Miguu yake ilikuwa kwenye tope mpaka juu ya vifundo. "Naona. Usipige kelele."

"Toka humo."

"Ya katikati inazama. Nikitoka sasa hivi, hao walio juu wote wanakuja chini." Akamgeukia Lamidi. "Nenda kalete mbao pana za kuweka chini ya mirunda, zote zilizopo. Kimbia!" Lamidi akachomoka. Adigun akanitazama, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona na macho yale. "Wewe washushe watu. Sijui utafanyaje. Washushe tu."

Nikapenya ubavu wa pili wa jengo hadi mbele, kwenye mahema. Injinia alishafika pale kabla yangu, amepiga magoti, suruali yake safi imo kwenye vumbi. "Chifu, tusimamishe. Mirunda inazama, nakuapia."

"Nisimamishe slabu mbele ya watu hawa?" Chifu hakumtazama hata, alikuwa anatabasamu kwa wageni. "Unajua ikisimama wataniitaje mji mzima? Inuka, unanitia aibu."

"Mume wangu yuko chini!" nilimpigia kelele. "Chifu, kuna watu juu na mtu chini!"

"Mama Teni, wali wako," akasema taratibu, kama anamwambia mtoto. "Angalia wali wako."

Nikakimbia tena mpaka chini ya ngazi, nikawapungia walio juu. "Shukeni! Shukeni jamani, inaanguka!" Ngoma ikanimeza. Mwanamke mmoja mwenye karai kichwani akaniitikia kwa kucheza mabega, akidhani nashangilia. Nilishika ngazi nipande, wenye makarai wakanisukuma pembeni. Chini nasikia nyundo ya Adigun, ko, ko, ko, haraka haraka. Mungu wangu, nikasema, nifanye nini? Nifanye nini mimi?

Ndipo nikakumbuka alichosema yule mzee. Wali wangu.

Nikarudi jikoni mbio, nikaunyakua ule mfuniko kwa mikono mitupu, na ulikuwa wa moto, ngozi ikabaki pale pale. Nikachukua upawa wa chuma nikaugonga. Nikaugonga kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele kama mchuuzi wa sokoni, "Wali tayari! Nyama inaisha! Wali, wali, wali!"

Ngoma ikakatika ghafla. Juu wakatazamana. Karai la mwisho bado, lakini mfuniko umelia, na mfuniko ukilia basi. Mmoja akatupa koleo. Wa pili akatupa karai. Wakaanza kuteremka, wakisukumana, wakicheka, wanaulizana nani kamwaga la mwisho. Chifu akasimama kwenye kiti anafoka, "Nani kamwambia? Rudini juu! Huyu mwanamke ana wazimu!" Nami nagonga. Wanashuka, nagonga. Mikono inawaka, nagonga. Wa mwisho kushuka alikuwa yule mwanamke wa kucheza mabega. Alipokanyaga ardhi nikautupa mfuniko, nikaita, "Adigun! Wameshuka! Toka sasa, toka!"

Nyundo ilinyamaza. Alinisikia, najua alinisikia. Halafu mbao zikalia, dari ikabonyea katikati kama godoro lililokaliwa na mtu mnene, na zege lote likaenda chini.

Tulichimba kwa mikono, kwa makarai, kwa sahani za wali. Wale wale vibarua walioshuka wanacheka walikuwa wanalia na kuchimba. Zege bichi ni zito jamani, ukilitoa huku linateremka kule. Lamidi alikuwa anaita jina la Adigun kwa kelele bila kupumzika. Tukampata kifuani kwanza, kisha uso. Alikuwa hai! Nilimfuta macho kwa kanga yangu.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Hakuna aliyebaki."

Akavuta pumzi kidogo, ya juu juu. "Nasikia harufu. Wali wako unaungua."

"Acha uungue."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika. Nililiona kabisa, taa yake inazunguka getini, nikasema Mungu mkubwa. Lakini mbele hapakupitika, mahema yalikuwa yamevutwa chini na watu waliokimbia, kamba na viti na mbao vimefumana. Imebaki njia ya ubavuni. Na njia ya ubavuni ilikuwa magari matupu, bampa kwa bampa, ukuta huku na jengo huku, hata mtu mwembamba hapiti. Wenye funguo walikuwa wamekimbia na funguo zao. Injinia alikuwa anapiga vioo kwa ngumi, analia kama mtoto, "Nilisema iachwe! Nilisema!"

Tukamlaza Adigun kwenye meza ya wageni, kitambaa cheupe cha meza kikiwa bado kimetandikwa. Tukampitisha juu ya magari. Wanaume walipanda kwenye maboneti na mapaa, wanapokezana meza, bati linabonyea, wanateleza kwa zege lililo kwenye miguu yao. Mimi nilikuwa pembeni yake, natambaa juu ya magari ya watu kwa magoti, nimemshika mkono. Naitazama ile taa. Naiona inazunguka, na hatuifikii. "Bado kidogo," nilimwambia. "Baba Teni, bado kidogo, naliona geti." Alinibana vidole. Tulipofika juu ya gari la Chifu, jeusi, limefungwa utepe, vidole vikalegea. Niliendelea kumwambia bado kidogo mpaka tukafika getini, na yule muuguzi akanishika mabega akanigeuza upande mwingine.

Miezi ilipita. Kifusi kikaondolewa, Chifu akaanza upya, maana tajiri hakosi pa kuanzia. Akaja kwangu na wazee wawili kuniomba nipike siku ya slabu ya pili, eti mji unasema bila mimi haitasimama. Nikamwambia, "Chifu, angalia wali wako," nikafunga mlango. Wazee walisimama nje muda mrefu, sikufungua.

Jana alikuja Lamidi. Alikuja peke yake, akakaa sakafuni, hakutaka kiti. Yeye ndiye fundi mkuu wa mbao sasa. Yeye ndiye atakayekuwa chini.

"Mama, safari hii mashine iko mbele," akasema. "Na njia Injinia ameiacha wazi."

"Hata safari ile aliiacha wazi."

Akavua kofia yake, akawa anaichezea. "Mke wangu ndiye kanituma. Amesema nikuulize tu kama utakuwepo."

Nilimtazama yule mwanaume, shingo yake, mikono yake yenye makovu ya misumari kama ya Adigun, nikalia mbele yake bila aibu. Kisha nikamwambia aende akamwambie mkewe nitakuwepo.

Leo nimeamka mapema. Sikubeba sufuria wala upawa wa kupakulia, wali watapika wengine. Nimebeba kigoda, ule mfuniko, na kipande cha nondo cha kuugongea. Nimekaa katikati ya ile njia, na gari la kwanza limeshakuja, la mgeni mkubwa, dereva anapiga honi.

"Mama, sogea, tunapaki."

"Pita juu yangu," nimemjibu.

Amerudi nyuma. Ngoma zimeanza, vibarua wanapanda. Kutoka hapa namsikia Lamidi chini ya dari na nyundo yake. Mfuniko uko mapajani, na mimi natazama ardhi nione kama kuna maji.