Mkono Ulipofika Juu

Kabla mkewe Sabra hajawasha jiko, Ismaili alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa uani. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilifungwa kwenye msumari wa nguzo, na kiwiko cha mkono wake wa kulia kilibana ubavuni kitenge kilichoviringishwa. Alivuta mpira taratibu kwenda nje, akaurudisha taratibu zaidi. Kitenge kikidondoka zoezi halihesabiki, anaanza upya. Ndivyo alivyofundishwa na Pendo, mtaalamu wa mazoezi wa pale hospitali, binti wa Njombe aliyeletwa Mtwara na ajira ya serikali, akapewa chumba ambacho nusu yake ni stoo ya magodoro mabovu.

Bega la Ismaili lilikuwa na tabia ya kuchomoka. Mara ya kwanza lilichomoka msimu uliopita, gunia la korosho likiwa kichwani na mkono ukiwa juu umelishikilia, mguu ukateleza kwenye ubao wa kupandia. Tangu siku hiyo halikuwa na adabu tena. Lilichomoka akivaa shati. Lilichomoka akijigeuza kitandani, mpaka Sabra akawa anamfunga mkono kwa khanga kila wakilala. Majirani wakasema akandwe, yupo fundi mzuri sana wa kukanda kule Mahurunga kwao. Pendo akamwambia asithubutu. Bega lake limelegea, na kulikanda ni kulilegeza zaidi. Kinachotakiwa ni nyama zinazolizunguka zipate nguvu, na nguvu hiyo haiji kwa wiki mbili tatu.

Ismaili alimtii yule binti kama wengine wanavyomtii sheikh. Kule ghalani walikuwa wamemtoa kwenye magunia wakamweka getini, kazi nyepesi, kufungulia malori na kufunga. Kila geti lilipotulia aliingiza mkono mfukoni, anatoa mpira wake, anaufunga kwenye bomba na kuvuta. Makuli wenzake walimcheka hadi wakachoka, wakamwita bwana mipira. Hakujali. Nyumbani ukutani palikuwa na alama za mkaa, moja juu ya nyingine, kila mahali vidole vyake vilipofika vikipanda polepole kama mjusi.

Asubuhi hiyo vidole viliipita alama ya mwisho. Vikapanda, vikapanda, mkono ukanyooka ukagusa sikio, na bega halikulia wala halikuuma. Ismaili alisimama hivyo hivyo akamwita mkewe. Sabra alitoka na mwiko mkononi, akamtazama, akacheka, kisha akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Baba Latifa, shusha basi," alisema. "Usije ukalichosha."

Maana Pendo alishawaonya wote wawili. Kuinua mkono mtupu siyo kubeba, alisema. Huo ni mwanzo tu, ndani bado ni pachanga. Habari za gunia tutazizungumza masika yakiisha.

Ilikuwa Oktoba, na malori kutoka Nanyamba yalikuwa yamepanga foleni nje ya ghala tangu alfajiri. Makuli walikaa kivulini wakisubiri mizani ifunguliwe. Hapo ndipo alipotoka Joshua, bosi mpya wa utumishi aliyetumwa na makao makuu kwa ajili ya msimu. Kijana mtaratibu, shati limenyooka, hana hata kelele. Alikuja na wazo lake moja tu, kwamba getini pana watu wengi kuliko kazi, na wazo hilo alilitembeza ghala zima kama mtu aliyebeba rula.

Alimsimamisha Ismaili mbele ya wenzake akamuuliza anafanya nini pale, mwanaume mwenye kifua kama kile. Ismaili akaeleza vizuri kabisa. Akaeleza ubao ulivyoteleza, akamtaja sista Pendo, akaeleza mpira na kitenge, akasema kwa maelekezo ya hospitali ni mpaka masika yaishe. Joshua alisikiliza huku kidole kikipitapita kwenye simu. Ismaili alipomaliza, Joshua akamtazama.

"Hebu inua huo mkono tuone."

Sasa hapa msimlaumu. Mtu amehangaika miezi na kipande cha mpira, amechekwa, amelala amefungwa, na jambo zuri pekee lililompata mwaka mzima limempata asubuhi ile ile, na aliyeliona ni mkewe tu. Halafu mbele ya wote waliomcheka anaambiwa, hebu inua. Furaha ilimpanda kabla akili haijafika. Akainua. Akaupeleka mkono juu hadi mwisho, ukagusa sikio, na akatabasamu.

Makuli wakapiga makofi. Fadhili, rafiki yake, Mmakonde wa Nanyamba asiyejisumbua na Kiswahili cha redioni, alisema kwa sauti, "Nkono umepona huo, wallahi." Alisema kwa mapenzi, maskini, hakujua anachokifanya.

"Huyu yuko fiti," alisema Joshua. "Arudi kwenye magunia."

Ismaili alishusha mkono, lakini kilichoonekana kimeshaonekana. Alijaribu kusema kuwa kuinua siyo kubeba. Akasema namba ya sista Pendo anayo, apigiwe, atathibitisha. Joshua akamjibu kwa upole kwamba ghala haliendeshwi na hospitali, na kwamba nje ya geti wapo vijana tangu usiku wanaomba nafasi hiyo hiyo ya gunia. Kama haitaki aseme tu. Hakumtukana. Laiti angemtukana, angalau pangekuwa na kitu cha kukasirikia.

Akaenda kwenye magunia. Angeenda wapi?

Safari za mwanzo alijitahidi kwa akili. Wapandishaji wawili walipomtwika, alishikilia gunia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana ubavuni kama vile kitenge kipo. Shingo ilimuuma, jasho na vumbi la katani vikamwingia machoni, lakini alipanda ubao na kushusha, akapanda na kushusha. Fadhili alitembea nyuma yake kwa makusudi, akimwambia polepole ndugu yangu, polepole. Ismaili akaanza kujidanganya kwamba huenda atafika jioni.

Kabla ya adhuhuri wapandishaji walichoka, wakamtwika gunia upande. Akiwa katikati ya ubao likaanza kulalia kulia. Mkono wa kulia haukungoja kuambiwa. Ulikuwa umebeba magunia tangu ujana wake na ulijua kazi yake. Ukapanda wenyewe juu kulishika. Fadhili aliusikia ule mlio, na baadaye alisema hata hamu ya kula ilimwisha siku nzima.

Gunia lilipasuka chini. Ismaili aliketi katikati ya korosho, mkono unaning'inia, bega limetokeza mbele chini ya ngozi mahali pasipo pake. Mnyapara alifika mbio, akaagiza korosho ziokotwe kabla malori hayajazikanyaga. Walipokwisha kuokota ndipo Fadhili akaruhusiwa kuita bajaji.

Hospitali walilirudisha bega baada ya kumngojesha sana, na kwa kumvuta sana. Kisha Pendo aliitwa. Alikuja akifuta mikono, akamwona ni nani, akasimama mlangoni kidogo. Kwenye chumba chake cha magodoro alimkalisha, akambonyeza huku na huku, akamwambia anyooshe vidole, anakisikia kidole hiki, na hiki. Ismaili alitegemea kugombezwa. Angefurahi kugombezwa.

"Sista, nilifikisha juu leo asubuhi," alisema. "Mpaka sikioni."

Pendo alisema anajua, kwa bidii yake alikuwa analitegemea hilo wiki hii. Alisema bila kumficha kwamba sasa bega lilivyo litatoka kirahisi kuliko zamani. Upasuaji wake haufanyiki pale, ni mpaka Dar es Salaam, na wote wawili walijua hela hiyo haipo. Kilichobaki ni mazoezi yale yale, kuanzia la kwanza kabisa. Kisha akageukia magodoro kama anatafuta kitu, na alipogeuka tena macho yake yalikuwa mekundu.

Fadhili alikuwa amepokea simu nje. Aliingia akiwa ameshika kofia, hajui aseme kwa uso gani.

"Bosi Joshua anakupa pole," alisema. "Anasema ukipata nafuu kidogo urudi getini. Anasema sasa unafaa. Ila kila mwisho wa mwezi atapita kuangalia mkono."

Pendo alimfunga mkono kwa kitambaa cha pembetatu shingoni, akakaza fundo, na alipokuwa ameinama karibu na sikio lake Ismaili alimuuliza kwa sauti ndogo: sasa mimi nipone au nisipone? Pendo akalifungua fundo, akalifunga upya. Mtumishi wa serikali hawezi kumfundisha mtu kudanganya, na kumwambia aseme kweli nako aliona ni dhambi.

Nyumbani Sabra aliuona mkono shingoni kabla hajamwona mwenyewe. Hakulia safari hii. Alimvua shati kwa kuanzia upande mzima, akamletea uji, akakaa mbele yake.

"Alikwambia uinue?"

"Aliniambia."

"Ukainua mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Sabra alitikisa kichwa. Alitazama alama za mkaa ukutani, ya juu kabisa bado mbichi, akachukua kitambaa cha jiko akaifuta, kisha ile ya chini yake, kisha zote. Ismaili alimwacha. Alikuwa anafikiria mwisho wa mwezi, na miisho ya miezi mingine, na jinsi atakavyosimama pale getini mbele ya Joshua na kuinua mkono mpaka kifuani tu, akunje uso, aseme bosi, umegoma. Na mpira hatautoa tena mbele ya watu. Uvivu hakuwahi kuujua maishani, sasa itabidi ajifunze.

"Sista kaniambia nianze na ngumi," alisema. "Kukunja na kufungua. Na kuvuta bega nyuma, kidogo."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Nje, watoto wa makuli wenzake walikuwa wanacheza uani, na mke wa mnyapara alikuwa anateka maji bombani. Ismaili alikunja ngumi ndani ya kile kitambaa, akaifungua, akakunja tena. Sabra aliinuka akarudishia mlango, akatundika khanga dirishani, asije mtu akamwona mume wake anapona.