Taa Kumi za Shangazi

Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, ni fundi wa simu na redio. Homa kali ilimwondolea usikivu akiwa mtu mzima, na tangu hapo husoma midomo. Ukimwonea huruma anakucheka: "Sikio la kufa halisikii dawa, na langu limeshazikwa zamani." Mikono haikupoteza ufundi wake hata chembe. Alichopoteza ni kipimo cha sauti yake mwenyewe. Akidhani ananong'ona, majirani wanaitikia salamu.

Nilipojifungua binti yangu, alikuwa akija kila akifunga kibanda chake cha ufundi. Anavua viatu mlangoni, ananyata kama paka, anainama juu ya kitanda cha mtoto, halafu: "MJUKUU WANGU HAJAMBO?" Mtoto anashtuka, anaangua kilio.

Siku moja mume wangu, aliyembembeleza mtoto hadi mgongo ukamuuma, alinigeukia akasema polepole, "Mwambie Shangazi akae sebuleni. Akiingia huku, kazi yangu yote inakwenda na maji."

Alisahau kwamba Shangazi amesimama mbele yake, anamtazama mdomo.

Uso ukamshuka mama wa watu. Akavaa viatu, akaaga kwa mkono tu, akaenda zake. Mume wangu alibaki ameshika kichwa.

Kesho yake nilimfuata kibandani, mtoto mgongoni, nikijua nitamkuta amenuna. Wapi! Alikuwa ameinamia bodi ndogo, moshi wa lehemu ukimpanda puani.

"Kaa hapo," akasema. "Mumeo kasema kweli. Sasa, kama siwezi kujisikia, nitajiona."

Alikuwa amechomoa maikrofoni kwenye simu mbovu, kitu kidogo kama punje ya dengu. Akanieleza huku anafanya: maikrofoni inageuza sauti kuwa umeme, lakini umeme dhaifu mno, kwa hiyo kuna transista ya kuukuza. Kisha chipu inaupima na kuwasha taa moja baada ya nyingine kadiri sauti inavyopanda. Taa kumi kwenye mstari mmoja: kijani, njano, mwisho nyekundu.

Akaunga betri. "Piga makofi!"

Nikapiga. Giza tupu.

Hakuguna wala hakulaumu vifaa. Aliipindua bodi, akaisogeza karibu na macho, mara akajigonga paji la uso. "Maikrofoni nimeifunga kichwa chini miguu juu! Mguu ulioshikana na ganda ndio unaokwenda upande hasi wa betri." Akaichomoa, akaigeuza, akailehemu upya kwa mkono usiotikisika.

Sasa taa zote kumi zikawaka, zikagoma kuzimika. Mimi nilikuwa kimya, na mtoto ananyonya kidole mgongoni. Shangazi akaweka kiganja juu ya meza, akatulia kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. "Feni," akasema. Akaizima. Taa zikashuka, zikabaki tatu zinazochezacheza. Nilikuwa nimekaa na feni ile muda wote kwa masikio yangu mazima, wala sikuifikiria.

"Haya, sema na mtoto kama unavyosema naye akisinzia."

Nikamsemesha mtoto kwa maneno ya kipuuzi ya mama na mwana. Shangazi akazungusha kwa bisibisi kirekebishio kinachoamua taa ziwake kwa sauti kiasi gani, kidogo kidogo, mpaka sauti yangu ikawasha taa mbili tu za kijani.

"Hapo ndipo ninapotakiwa kuwa," akasema, na mstari mzima ukalipuka hadi nyekundu. Akaduwaa. "Kumbe ndivyo ninavyowapigia kelele?"

"Ndivyo, Shangazi."

Akacheka hadi machozi, na nyekundu ikawaka tena. Kisha akafuta macho, akaanza mazoezi. Alirudia neno moja, akipunguza pumzi, mkono kooni, macho kwenye taa. Zikiruka, anaanza upya. Wateja walikuja wakasubiri, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mimi mwenyewe nilisahau kwamba nilikuja kumwomba radhi.

Juma lililofuata akaja nyumbani na bodi yake ndani ya kopo la plastiki. Akalitegesha kando ya kitanda, akamwinua mtoto aliyekuwa akilia, akaimba. Miaka yote ya uziwi hakuwahi kuimba mbele yetu. Tuni ilipinda kama msumari uliong'olewa ukutani, lakini sauti ilikuwa ndogo, na taa za kijani hazikuzidi mbili. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho, akayafumba.

Mume wangu alisimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Shangazi alipomtazama, naye akasema wazi, midomo ionekane: "Nisamehe, Shangazi. Sijaona fundi kama wewe."

"Shh," akajibu Shangazi kwa taa moja. "Utamwamsha."

Siku hizi mtoto akikataa kulala, mume wangu humtembeza chumbani mara mbili tatu, kisha ananipa simu: "Mwandikie Shangazi. Mwambie aje."