Nafasi ya Mtu Mmoja

Kuna mwaka nilimuua mjomba wangu wa Vigwaza kwa ajili ya kiti cha basi. Mjomba mwenyewe alikuwa mzima, anapalilia mihogo yake, hana hata mafua. Lakini basi la kwenda kwenye maonyesho ya Sabasaba lilikuwa moja tu, Bagamoyo nzima ilitaka kupanda, na mimi Mwishehe nilipoiona foleni nikapata wazo.

Miguu yangu ilikufa nikiwa na miaka minne. Tangu mapadri waliponipatia kigari, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa kuzungusha mikono, pale stendi nilikuwa na haki yangu. Mwenye kigari hupanda kwanza, yeye na msukumaji wake mmoja, na kigari hulazwa nyuma, mahali pa watu watatu. Haikuandikwa popote. Watu waliniachia tu, nami nikaitafuna haki hiyo mpaka mfupa. Siku ile nilifika nikilia, "Mjomba kafa, nawahi maziko!" nikapita mbele ya wote na wasukumaji wanne. Mmoja wa kusukuma, mmoja wa kuangalia njia, wawili wa kunibembeleza. Wote wenzangu wa bao, wazima kama ng'ombe.

Mkulima mmoja wa Kiwangwa, Bwanausi, alikuwa amelala stendi na matenga mawili ya mananasi ya kupeleka kwenye banda la wilaya. Basi lilijaa, akabaki chini na mananasi yake. Mchana watu wakaniona maonyeshoni, mshikaki mkono huu, mshikaki mkono ule. Walicheka. Nikadhani wamesamehe.

Mwaka uliofuata, alfajiri ya Sabasaba yenyewe, lori lililokuja kuchukua chumvi lilisimama mlangoni kwangu. Dereva hakuzima hata injini.

"Wewe ndiye Mwishehe? Dada yako Mwanamvua wa Mtoni kanituma. Mama yenu amefariki usiku. Wakishasali adhuhuri, wanakwenda kuzika."

Akaondoka kwenda kwenye mashamba ya chumvi. Asingerudi Dar es Salaam mpaka kesho yake. Mama alikuwa kwa Mwanamvua tangu mfungo wa Ramadhani, anauguzwa, na mimi nilimwahidi nitakwenda kumwona siku hiyo hiyo, kwa basi hilo hilo la Sabasaba. Mtoni si mbali na viwanja vya maonyesho.

Nilizungusha kigari mpaka mabega yakawaka.

Stendi yetu mtu hupangia foleni kwa jiwe. Unakuja usiku, unaweka jiwe lako, au ndara, au kikapu, unarudi kulala, na jiwe lako linaheshimiwa kama wewe mwenyewe. Asubuhi kila mtu anasimama kwenye jiwe lake. Nilikuta mstari umefika mpaka kwenye duka la mafuta ya taa. Nikaupita wote, kama kawaida yangu, mpaka mbele.

"Assalaam alaykum. Jamani, nipisheni. Mama amefariki."

Walitazamana. Kisha mtu akapasuka kwa kicheko, na foleni nzima ikamfuata.

"Mwaka huu kapandisha cheo!" alisema Bi Ashatu, mwuza vitumbua, ambaye jiwe lake lilikuwa la pili. "Mwaka jana mjomba, mwaka huu mama. Mwakani atajizika mwenyewe."

"Shikamoo, Bi Ashatu. Wallahi nakwambia kweli."

"Marahaba. Na mwaka jana uliapa mara tatu, mwanangu. Nilikuwepo."

Kulwa, kondakta, alikuwa mlangoni mwa basi anajifuta macho kwa kucheka. Kulwa ni Mnyamwezi, sisi Wakwere ni watani wake, na mtani hakasirikiwi. Miaka yote tumetukanana mimi na yeye, na hakuna aliyewahi kununa.

"Ninyi Wakwere mnakufa kwa ratiba?" aliniuliza. "Kila Sabasaba lazima mtoe maiti mmoja?"

"Kulwa, leo si utani."

"Ehee! Mwaka jana ulisema hivyo hivyo!"

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi na machozi, nimekumbatia usukani wa kigari. Nikasikia mtu nyuma anamwambia mwenzake, "Mwaka huu analia vizuri zaidi." Wallahi, kama si mimi niliyefiwa, ningecheka. Mzaha huo ningeutoa mimi.

Bi Ashatu aliacha kucheka, akanisogelea. "Mwanangu, hatukukosa huruma. Nikikupisha hapa mbele yangu, nafasi ninayokupa si yangu peke yangu. Hawa wote nyuma nimewasogeza, na hawakunituma. Mwaka jana tulikupa nafasi yako ukachukua na za wenzako. Nenda kapange mwisho, kama sisi."

Niligeuza kigari, nikaanza kurudi nyuma, jiwe kwa jiwe. Hesabu niliijua. Basi hubeba watu sitini, wa kukaa na wa kusimama, na mimi nilikuwa kama wa tisini. Nilisimama mwisho kabisa. Niliona mlango wa basi mbali, mdogo kama tundu la kuku, watu wanajipanga kuingia. Nikafikiria kwenda kwa kigari. Kwa mikono hii ningefika Mtoni kesho kutwa.

Nikaona kivuli kimesimama mbele yangu. Alikuwa Bwanausi wa Kiwangwa. Jiwe lake ndilo lilikuwa la kwanza kabisa. Safari hii alilala stendi siku mbili.

"Mama yako amekufa kweli?"

"Kweli, Bwanausi."

Alinitazama sana. "Sikuamini," alisema. "Nimejaribu, nimeshindwa. Lakini nikipanda basi hili na kumbe ni kweli, nitabaki na neno hilo maisha yangu yote. Nenda kwenye jiwe langu. Mimi nakaa hapa kwako."

Nilitaka kuushika mkono wake, akaurudisha.

"Sikiliza. Nafasi yangu ni ya mtu mmoja. Kigari hakikupanga na mimi. Kikiingia kitawashusha watu watatu waliolala hapa. Kinabaki."

"Bila kigari nitafikaje kaburini?"

"Hilo sijui. Mimi nimekupa nilicho nacho."

Alinibeba mgongoni mpaka mbele, akaniweka juu ya jiwe lake. Safari hii hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyenipa pole. Kulwa akanipokea, akaniingiza ndani. Dirishani nilimwona Bwanausi anayaburuta matenga yake kuelekea mwisho wa mstari, kwenye kigari changu kitupu.

Mpira ulipasuka Mapinga. Adhana ya adhuhuri ilitukuta Magomeni, na mimi nikauma kilemba changu ili nisipige kelele. Tulipofika viwanjani watu waliruka chini wakakimbilia ngoma na mabanda. Kulwa alinishusha, akanikalisha ukingoni mwa barabara.

"Msukumaji wako yuko wapi?"

"Sina."

"Sasa unakwendaje?"

Nilivaa ndara mikononi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Lakini juu ya basi kulikuwa na mizigo ya watu, wanamwita kwa matusi.

"Ningoje niteremshe mizigo."

"Mama hangoji, Kulwa."

Nikaanza kujiburuta. Magari yananirushia vumbi, makalio yanachubuka, jua limesimama utosini. Ndara zikakatika, nikaendelea kwa viganja vitupu, sijui kiasi gani. Nikawasikia kabla sijawaona: La ilaha illallah, La ilaha illallah. Wanaume wengi, mwendo wa haraka, na jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani nilichokijua. Mama alikishona mwenyewe, kwa ajili ya siku hiyo.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Ni mama yangu huyo! Simameni!"

Jeneza halisimamishwi. Shemeji yangu alikuwa mbele kabisa, ameinamisha kichwa chini ya mti wa jeneza, hakusikia. Wengine waliniona mtu wa vumbi, hana miguu, anajiburuta kando ya njia. Mzee mmoja akapita akanidondoshea thumni mapajani. "Muombee marehemu, ndugu yangu," akasema, akaendelea.

Walinipita. Niliona visigino vyao, visigino vitupu, vinakwenda zao.

Mara mtu akanipita mbio, mkoba wa tiketi unampiga kiunoni. Akaukata msafara kwa pembeni, akajitupa chali katikati ya barabara mbele ya jeneza, mikono na miguu ameitanua.

"Halipiti!" alipiga kelele Kulwa. "Mimi mtani! Mnyamwezi! Maiti wa Kikwere hapiti hapa bila ruhusa yangu!"

Jeneza likasimama. Angekuwa mtu mwingine wangemkanyaga, lakini mtani ana haki yake msibani, na watu wa pwani wanaijua. Wazee wakaanza kupapasa mifuko wamlipe wapite.

"Sitaki hela," alisema Kulwa, hajainuka. "Nataka nafasi ya mtu mmoja. Mnamwacha nyuma mwanawe."

Wote wakageuka.

Nilifika kaburini mgongoni kwa Kulwa, mkono mmoja umeshika mti wa jeneza. Walipomshusha mama wakaniambia nitupe udongo mara tatu. Sikuwa na haja ya kuinama kuuchota. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa tayari.

Nilirudi Bagamoyo siku ya nne. Kigari kilikuwa stendi, kimefungwa kamba kwenye nguzo, kimefutwa vumbi. Niliambiwa Bwanausi alikilinda mpaka jioni, kisha akampa Bi Ashatu aliporudi, akaenda zake Kiwangwa. Hakupata basi mwaka huo pia. Juu ya kiti alikuwa ameliacha jiwe lake.

Ninalo mpaka leo. Watu wote nimewapatia mzaha unaowafaa, hata mimi mwenyewe. Wa Bwanausi bado sijaupata.