Kesi ya Gelasius kwenye Kitambaa Cheupe

Jumapili jioni Josefina alipeleka ugali na kisamvu kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, ambako mumewe Gelasius alikuwa amefungiwa. Wali haukuwepo. Baada ya mavuno mpunga wa kijiji kizima ulikusanywa ghalani, ghala likaungua, na mlinzi wake alikuwa Gelasius. Asubuhi lori lingempeleka Mpanda mahakamani.

Hakumkuta. Masele, mgambo aliyemlinda, alikuwa amempeleka uwanjani. Gari la sinema lilifika huku Mpimbwe mara moja kwa mwaka, na Masele hakuona kwa nini yeye aikose kwa kosa la mtu mwingine.

Josefina akaenda uwanjani na bakuli lake. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya miti miwili, na waliochelewa walikaa nyuma yake wakaona kila kitu kimegeuka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mbele, kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani. Gelasius alikuwa chini, mikono imefungwa kamba ya katani, hivyo mkewe akamlisha tonge kwa tonge.

Kwanza ilionyeshwa filamu ya mbolea, ikafuata ya kesi, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Palikuwa na hakimu wa Kizungu mwenye miwani, wakili mwembamba, watu kumi na wawili waliokaa pembeni kusikiliza, na mshtakiwa, kijana aliyepaka nywele mafuta mengi. Telesphor, mfasiri wa gari, alisimama na kipaza sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini alikuwa na desturi nzuri: kila kijiji aliuliza mapema kuna habari gani, kisha akawapa Wazungu wake kesi ya hapohapo.

"Huyu anashtakiwa kwa kuchoma ghala la mpunga," akatangaza. "Wale kumi na wawili ni wazee wa baraza."

Watu wakasogea mbele.

Katikati ya kesi mshtakiwa wa kwenye filamu alichoka. Alikuwa amefungwa kila jioni, kijiji baada ya kijiji, toka Tabora. Akaruka kizimba, akatoka kwenye kitambaa, akaenda kukaa na kina mama waliokuwa wanamenya karanga. Nyanzala, jirani wa Josefina, akampisha kwenye mkeka na kumpa karanga. Hakuwa na rangi popote mwilini, lakini alikula vizuri.

Hakimu akagonga meza. "Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yupo hapa, mheshimiwa," akajibu Masele, mtu asiyewahi kubishana na serikali yoyote. Akamfungua Gelasius kamba, akampandisha kwenye kitambaa. Shati la kijani la Gelasius likawa kijivu, naye akasimama kizimbani.

Wakili aliuliza swali ambalo kijijini hakuna aliyeliuliza. "Ufunguo wa ghala alikaa nao nani?"

"Mwenyekiti. Mimi nililinda mlango. Ndani sijawahi kuingia."

Hakimu akamtazama mwenyekiti juu ya miwani. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia, kama mtu yeyote anavyofanya akitazamwa na hakimu.

"Uliungua mpunga kiasi gani?"

"Haukuungua, mheshimiwa. Niliuuza wote, ukaondoka kwa malori. Ghala nililichoma mwenyewe, likiwa tupu."

Akavaa kofia, akakaa.

Hapo watu walipigwa na butwaa. Walikuwa wamekula muhogo miezi yote ile, na wamelia mbele ya lile jivu, bila hata mmoja kujiuliza kwa nini halinuki mpunga ulioungua. Josefina alikuwepo siku ile, na pua anayo. Bakuli likamdondoka.

Wazee wa baraza walinong'onezana, mmoja wao akasimama. "Hana hatia."

Gelasius akamtazama mkewe, akacheka. Askari wa mahakama akamfungulia mlango, maana anayeachiwa hutokea hapo. Nje yake palikuwa na barabara ya lami na mvua. Gelasius akatoka, mlango ukafungwa, filamu ikaisha.

"Baba Romana!" Josefina akaita. Waliokaa nyuma ya kitambaa wakasema kwao hajapita.

Mwenyekiti akainuka. "Haya, nyie nendeni mkalale."

"Na mpunga wetu?" akauliza Nyanzala.

"Mama, ile ilikuwa sinema."

Uwanja mzima wa watu wazima, wenye midomo yao, ukainuka. Walikunja mikeka.

Asubuhi lori lilikuja kuchukua mshtakiwa, na mshtakiwa alipatikana. Masele alimtoa kwa Nyanzala yule kijana wa kwenye filamu, akampakia kwa jina la Gelasius. Mpanda hakuna aliyeuliza habari za ufunguo. Akafungwa miaka saba, akaipokea amesimama wima, kwa kuwa kazi hiyo aliijua. Hana ndugu huku, kwa hiyo Josefina ndiye anayempelekea ugali na kisamvu gerezani. Humwita mama, na hushukuru sana.

Kila kiangazi gari la sinema hurudi. Gelasius huulizwa juu ya ufunguo, mwenyekiti husimama, huvua kofia, husema yote, hukaa. Watu hupigwa na butwaa upya kabisa, kisha huenda kulala.

Mwaka mmoja Josefina alimwomba fundi wa sinema asimamishe mashine kabla mlango haujafunguliwa. Fundi akakataa: picha ikisimama, taa inaiunguza. Basi Josefina hutumia muda ule wazee wa baraza wanaponong'ona kumwambia mumewe habari za nyumbani. Romana amepata kipaimara. Paa linavuja upande wa jikoni. Gelasius husikiliza kwa makini, ameshika kizimba.

Mwaka huu hakuwa na habari za kumpa. Alipiga magoti mbele ya kitambaa, akawasihi wale kumi na wawili wamtie mumewe hatiani, angalau abaki mle ndani, chakula amletee.

Walinong'onezana muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja akasimama.

"Hana hatia."

Mlango ukafunguliwa, na aliyeanza kupiga makofi alikuwa mwenyekiti.