Kibali cha Kupumua Mwambani

Ufalme wa Mwambani, huko chini ya bahari, ulikuwa na sheria nyingi za mapambo na moja ya kweli: raia yeyote asiogelee juu ya kidevu cha Mfalme Chewa. Na kwa kuwa Mfalme alishinda amelala kwenye mdomo wa bomba la majitaka kutoka nchi kavu, akimeza makombo na kunenepa, kidevu chenyewe kilikuwa chini sana. Raia wakawa wanajikokota mchangani kwa matumbo, macho chini. Bomba waliambiwa ni kiti cha enzi.

Uchafu huohuo ukaunenepesha mwani. Ukaja ukielea, ukatanda, ukaifunika bahari mpaka mchana ukafanana na chai iliyolala.

"Mtukufu ametujengea dari!" akatangaza Waziri Pweza. Raia wakapiga mapezi. Samaki tasi, ambao mwani ndio ugali wao, walipolamba midomo wakaonywa: kutafuna dari ya serikali ni uhaini.

Sasa Bi Kasa si samaki. Lazima apande juu kuvuta hewa. Akaja barazani amebana pumzi, macho yamemtoka.

"Mtukufu, naomba nikapumue."

"Kuvuta au kutoa?" akauliza Pweza, muhuri katika kila mkono, yote minane.

"Vyote viwili, baba!"

"Basi fomu mbili."

Mfalme akapiga mwayo. "Mbona sisi twapumua hapahapa, Bi Kasa? Au unaringa?"

"Mimi nina mapafu, Mtukufu!"

"Mapafu." Mfalme akamgeukia Waziri. "Yaliingizwa nchini kwa idhini ya nani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Kasa hakucheka. Pumzi ya kuchekea angeitoa wapi? Akapiga hesabu ya haraka: nikitii nakufa, nikiasi nakufa, ila huko juu angalau kuna hewa. Akajisukuma. Akapita kidevu cha Mfalme, akapita pua, akapita taji, akautoboa mwani kwa mdomo.

"Haaaa!"

Jua likaingia kwa lile tundu. Tasi wakatazamana.

"Jamani, dari imeshaharibika," akasema mmoja. "Si tusaidie tu kusafisha?"

Wakapanda kwa mamia, na sauti ya kutafuna ikazidi sauti ya Waziri akisoma vifungu vya uhaini. Mwanga ukaenea. Raia wakainua macho, wakakiona kiti cha enzi kikitapika uji mweusi.

"Kumbe ni bomba!"

Mfalme akadhani wanayatamani makombo yake. Akajitosa bombani kichwa mbele ili ayawahi yote, na kwa unene ule akakwama kama kizibo. Majitaka yakakatika palepale. Mkia tu ukabaki nje, ukitoa amri.

"Mvuteni Mtukufu!" Pweza akapiga ukelele.

"Wee! Mguse uone," akasema Bi Kasa, akiteremka na kifua kimejaa. "Tangu atawazwe, hii ndiyo kazi yake ya kwanza."